Kihifadhi Skrini: Kuipamba Kompyuta kwa Picha za Kwetu

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika mwaka huu wanafunzi wenzangu wengi wameniuliza jinsi ya kuzifanya picha zao zipite zenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani pale ambapo hakuna mtu anayeitumia. Badala ya kumjibu kila mmoja pembeni, nimeona heri niandike hapa gazetini ili wote wapate kusoma. Nitaeleza jambo hili ni nini, lilianzaje, linafanywaje, na tahadhari zake ni zipi. Nawaomba mnisome hadi mwisho, kwa maana tahadhari ndizo zenye uzito kuliko ufundi wenyewe.

Ni kitu gani hiki?

Ukiiacha kompyuta bila kugusa kibodi wala kipanya kwa muda fulani, huenda ukaona ile kazi uliyokuwa ukiifanya imefunikwa, na mahali pake pamekuja maua, mapovu, maandishi yanayotembea au picha zinazopishana. Ukigusa kipanya tu, vinatoweka na kazi yako inarudi kama ulivyoiacha. Programu hiyo ndiyo wengi wetu huiita skrini seva. Mimi katika makala haya nitaiita kihifadhi skrini. Najua walimu wetu wengine wangependa niseme tarakilishi badala ya kompyuta na kiwambo badala ya skrini. Maneno hayo ni mazuri, lakini hapa nimefuata yale yanayosemwa zaidi sebuleni.

Sasa hebu tulitazame hilo jina. Kuhifadhi ni kulinda. Je, kinailinda skrini na nini? Jibu linatupeleka nyuma kidogo.

Kilianzaje?

Kompyuta za zamani zilikuwa na skrini nene kama televisheni za babu zetu, zenye mgongo mrefu uliotokeza nyuma. Ndani ya kioo chake mlipakwa unga maalum unaong'aa unapopigwa na miale ya elektroni kutoka nyuma. Unga ule huchakaa kadiri unavyong'aa. Basi ikiwa maandishi fulani yangekaa mahali pamoja mchana kutwa, siku baada ya siku, sehemu ile ingechakaa upesi kuliko nyingine, na alama yake ingebaki kwenye kioo kama kivuli kisichofutika. Mashine za zamani za kutolea pesa benki zilikuwa mfano mzuri wa jambo hili. Hata orodha nyingine ilipokuja, ungeona maneno ya ile ya kwanza yakichungulia kwa nyuma.

Mnamo Desemba 1983, Mmarekani aitwaye John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu fupi ya kompyuta za IBM. Kazi yake ilikuwa moja tu. Kibodi isipoguswa kwa dakika tatu, programu iliifanya skrini iwe nyeusi. Hapakuwa na ua wala povu, ni giza tupu. Baadaye watu wakaona kwamba si lazima skrini iwe nyeusi, mradi vinavyoonekana havitulii mahali pamoja. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ikatoa After Dark, iliyopata umaarufu kwa vikaangio vya mkate vyenye mabawa vikiruka angani. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuja na kihifadhi skrini kinachozungusha picha za mwenye kompyuta. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Lakini skrini bapa tulizo nazo siku hizi majumbani hazina ule unga. Zina taa nyuma na kimiminika maalum mbele kinachofunga na kufungua njia ya mwanga. Haziachi kivuli cha kudumu kwa urahisi kama zile za zamani. Kwa hivyo, kusema kweli, kihifadhi skrini katika kompyuta nyingi za leo hakihifadhi skrini yoyote. Jina limebaki, kazi imeondoka. Skrini za OLED ambazo ziko katika simu nyingi na televisheni kadhaa za bei ya juu ndizo bado zinaweza kubaki na alama, kwa sababu kila nukta inajiwashia mwanga wake na inachakaa kivyake.

Basi kama hakilindi kitu, kwa nini tukijali? Kwa sababu kimegeuka kuwa kitu kingine. Kimekuwa ukuta wa kutundikia picha, na ukuta huo uko mahali ambapo kila mgeni anayeingia lazima autazame.

Hatua za kufuata

Kompyuta ya kwetu ni ya mitumba. Baba aliinunua Mombasa, ina kisanduku kando na skrini bapa, nayo inatumia Windows 10. Hatua nitakazoeleza ni zilezile katika Windows 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye skrini ili usipotee.

Kwanza kabisa, kabla hujagusa chochote, tengeneza folda mpya. Usiiweke ndani ya folda ya Pictures, iweke mahali pa peke yake, kwa mfano kwenye Documents. Ipe jina kama "Picha za Sebuleni". Kisha nakili humo zile picha tu unazozitaka, mojamoja, kwa kuchagua. Nasisitiza neno kunakili. Usizihamishe, bali acha za asili mahali pake.

Pili, bofya kitufe cha Start na uandike maneno "screen saver". Chagua jibu linalokuambia ubadilishe kihifadhi skrini. Kitafunguka kidirisha kidogo chenye sura ya kizamani.

Tatu, katika orodha iliyomo chagua "Photos". Halafu bofya "Settings" iliyo kando yake, kisha "Browse", uitafute ile folda yako na kuikubali. Hapohapo utaona mwendo wa picha, yaani polepole, wastani au haraka. Ukitia alama kwenye "Shuffle pictures", picha zitakuja kwa kuchanganywa na si kwa mfululizo. Ukimaliza bofya "Save".

Nne, kwenye "Wait" andika dakika ambazo kompyuta isubiri kabla ya picha kuanza. Dakika tano zinatosha. Chini yake kuna kisanduku cha kutia alama kinachosema "On resume, display logon screen". Ukikitia alama, mtu akigusa kipanya hatapelekwa moja kwa moja kwenye kazi yako, bali ataombwa nywila kwanza, ikiwa umeiweka. Hii ndiyo hifadhi ya kweli iliyobaki katika programu hii.

Tano, bofya "Preview" uone matokeo. Ukiridhika, bofya "OK".

Wengi hufanya haya yote kisha wakalalamika kwamba picha haziji. Mara nyingi sababu huwa moja. Kompyuta ina mpango mwingine wa umeme unaozima skrini kabisa. Ikiwa skrini imeagizwa izime baada ya dakika kumi, na wewe umeandika kihifadhi kisubiri dakika kumi na tano, basi hutakiona maisha. Kihifadhi sharti kitangulie, kuzima kufuate.

Jambo jingine ni umbo la picha. Skrini nyingi ni pana kuliko zilivyo ndefu. Picha uliyopiga ukiwa umeisimamisha simu itakaa katikati ikiwa nyembamba, huku na huku giza. Ukijua kwamba picha ni ya sebuleni, ilaze simu unapopiga. Tena, picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa kawaida hupunguzwa, hivyo ikija kwenye skrini kubwa huenda ikaonekana ina ukungu. Heri uichukue kutoka kwenye simu yenyewe kwa waya.

Macho hayana pazia

Sasa tufike kwenye tahadhari. Nilisema folda iwe ya peke yake. Usidhani nilitaka kukuongezea kazi ya bure, bali nimeona kwa macho yangu.

Mwezi wa Desemba mwaka jana kulikuwa na harusi katika ukoo wetu. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba harusi ina siku za watu wote na ina siku za wanawake peke yao. Usiku wa hina na siku ya kupamba, wanawake huvua mabuibui na mitandio, nywele hutengenezwa, ngoma huchezwa, na mwanamume hakanyagi hapo. Picha hupigwa, ndiyo, lakini hupigwa na wanawake kwa ajili ya macho ya wanawake. Baada ya harusi, dada zangu waliziweka zile picha kwenye kompyuta, katika folda yenye jina lake, ndani ya Pictures. Walidhani zimesitirika humo.

Kaka yangu hakujua. Yeye alikuwa amekiwasha kihifadhi skrini siku nyingi nyuma na kukiacha kama kilivyokuja, kikichota picha kutoka Pictures. Programu hii ukiionyesha folda, huchukua na zile zilizo ndani yake. Haiulizi hii ni ya nani.

Jumapili moja alasiri ami yangu alikuja na wazee wawili kumjulia hali baba. Wakaketi kwenye makochi, kahawa ikaletwa, mazungumzo yakanoga. Kompyuta ilikuwa imewashwa pembeni. Dakika zikapita. Mara nikamwona mzee mmoja ameinamisha kichwa chake ghafla akawa anatazama kikombe. Nilipogeuka, shangazi yangu alikuwa amejaa skrini nzima, kichwa wazi, mikono juu, anacheza. Kabla sijainuka picha ikageuka ikawa ya pili. Bibi, ambaye alikuwa karibu zaidi, alisimama bila kusema neno, akavua leso yake ya mabegani na kuifunika ile skrini.

Shangazi alipopata habari hakuja kwetu kwa muda wa wiki tatu. Mama alikwenda kwake mara mbili kuzungumza naye. Maneno aliyosema ni haya: "Mimi nilipigwa picha na wanawake wenzangu. Sikupigwa na ukumbi." Nimeyafikiria sana maneno hayo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mpigaji alikuwa na idhini, dada zangu walikuwa na idhini ya kuweka, na hakuna aliyezituma mahali popote. Lakini idhini ya kupigwa picha si idhini ya kuonyeshwa kwa kila mtu. Hayo ni mambo mawili, na baina yake kuna heshima ya mtu.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho ya mgeni huwezi kuyafunika. Unaloweza ni kuchagua utakalolitundika mbele yake.

Nchi yetu ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Chini ya sheria hiyo, picha ambayo mtu anatambulika kwayo ni habari yake ya kibinafsi, na kuhusu mtoto idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Mwezi Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria hii haiingii katika mambo ya mtu binafsi na jamaa yake nyumbani. Kwa maneno mengine, hakuna askari atakayekuja kukukamata kwa ajili ya kihifadhi skrini cha sebuleni. Hapo kilichobaki ni adabu tu. Muulize mwenye sura: "Nikuweke sebuleni?" Akisema la, ni la.

Vya bure na virusi

Tahadhari ya pili ni kwa wale wanaopenda kwenda saiba na kuchukua vihifadhi skrini vya bure kutoka kwenye mtandao, vya samaki wanaoogelea au magari yanayokimbia. Faili ya picha kwa kawaida huishia kwa jpg au png, nayo ni picha. Lakini faili ya kihifadhi skrini huishia kwa scr, na hiyo si picha hata kidogo. Ni programu kamili, yenye uwezo uleule wa programu nyingine yoyote kwenye Windows. Ukiifungua, umeiruhusu ifanye inavyotaka. Kwa sababu hiyo, wezi wa mtandao wametumia faili za namna hii kuingiza virusi katika kompyuta za watu. Akikuletea mtu kwenye flashi "picha" inayoishia kwa scr, usiifungue, hata kama mletaji ni rafiki yako wa chanda na pete. Rahisi ni ghali.

Uzuri ni kwamba wewe huhitaji chochote cha kupakua. Kile cha "Photos" kimo tayari ndani ya Windows.

Je, kinapunguza umeme?

Watu wengi, na hata watu wazima, hudhani kwamba picha zikipita kompyuta inapumzika na tokeni hazitumiki. Sivyo. Kompyuta inafanya kazi, skrini inawaka, na picha zinachorwa.

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue skrini bapa inayotumia wati 25 na kisanduku kinachotumia wati 60. Jumla ni wati 85. Ukiiacha picha zikipita kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, hizo ni saa 12. Zidisha 85 kwa 12 utapata 1,020, yaani uniti moja na kidogo. Kwa usiku 30 ni zaidi ya uniti 30. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki analipa mzazi. Kwa hivyo agiza picha zianze baada ya dakika tano, na skrini izime kabisa baada ya dakika ishirini au thelathini. Mkienda kulala, zimeni kompyuta yenyewe.

Picha za wapi?

Windows XP ilikuja na picha ya kilima cha majani mabichi chini ya anga la buluu. Naamini wasomaji wengi waliowahi kuiona kompyuta ya zamani wanaikumbuka. Kilima kile ni cha kweli. Kiko Sonoma, katika jimbo la California, na picha ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996. Ilisambaa duniani kote, mpaka hapa kwetu Kwale. Ni picha nzuri, siikosoi. Lakini mtu anayeishi Kwale mjini akichungulia nje huona vilima vya Shimba, navyo ni vya kijani, na juu yake mna palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima haishi msituni mahali pengine popote isipokuwa hapo. Ni kompyuta ngapi zina palahala?

Mcheza kwao hutunzwa. Kuna mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wanaovuka barabara ya Diani kwa ngazi za kamba walizofungiwa juu ili wasigongwe na magari. Kuna msikiti wa kale wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini, umezungukwa na mibuyu. Kuna mikoko ya Gazi na ile njia ya mbao ya akina mama inayopita katikati yake. Kuna ngalawa zinazorudi Msambweni, na Wasini pale maji yanapokupwa na matumbawe yakaachwa wazi. Mtalii hutoka mbali akalipa pesa nyingi kuja kuyaona haya. Sisi tunayapita tukienda shule.

Hata hivyo, kwenye kaya usiingie tu na simu yako. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Kaya Kinondo ya hapa Diani ni mmojawapo wa misitu hiyo. Lakini kabla ya UNESCO ilikuwa na wenyewe, na mpaka leo ina wenyewe. Anayeingia huvishwa nguo nyeusi na hufuata masharti. Waulize wazee kipi kipigwe picha na kipi kisipigwe. Ile kanuni ya shangazi yangu inafika mpaka huko.

Picha na majina yake

Nimeliacha jambo hili mwisho kwa kuwa ndilo lililonifanya nikipende kihifadhi skrini. Katika nyumba nyingi za pwani kuna mkoba au sanduku la picha za kale. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na picha za karatasi hushikana, huota ukungu na kupoteza rangi. Bibi yangu anazo za namna hiyo, nyingine za miaka ya sabini. Macho yake sasa yameingia ukungu nayo, na picha ndogo ya mkononi haioni vizuri.

Mimi na dada yangu tulizipiga kwa simu zote zilizosalia. Ukitaka kufanya hivyo, iweke picha juu ya meza karibu na dirisha, mahali penye mwanga lakini pasipo na jua la moja kwa moja. Zima taa ya simu ili kioo kisirudishe mng'aro. Ishike simu sawasawa juu yake, isilale upande. Kisha zikate kingo.

Tulizitia kwenye folda ya sebuleni, kwa idhini yake, tukachagua mwendo wa polepole. Jioni baada ya magharibi Bibi husogeza kiti chake karibu. Kwenye skrini uso wa mtu huwa mkubwa kuliko kiganja, na unang'aa, kwa hivyo anauona. Akiuona anautaja. "Huyu ndugu yake babu yako. Hii ngalawa ilikuwa yake, ilivunjika mwamba siku ya kusi kali." Hapo mimi huandika daftarini. Kabla ya hapo picha ile kwetu ilikuwa ya mwanamume tu aliyesimama ufukweni. Hata baba hakumjua.

Jina likishapatikana, lisiachwe daftarini peke yake. Fungua nakala ya picha kwa programu ya Paint, chagua alama ya herufi A, andika chini jina la mtu, mahali na mwaka kama unajulikana, kisha uhifadhi kwa jina jipya. Ile ya asili iache bila maandishi. Sasa kila picha ikipita inapita na jina lake, na hata mdogo wangu wa darasa la tatu anawataja watu waliofariki kabla baba hajaoa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sura za watu ni mali.

Kihifadhi skrini si ghala, lakini. Kompyuta ikiharibika, picha huondoka nayo. Weka nakala ya folda nzima kwenye flashi, na nyingine kwa jamaa anayeishi nyumba tofauti.

Picha za Bibi zilizonusurika ni 63. Hadi ninapoandika makala haya, 41 zimepata majina. Hizo nyingine 22, anayeweza kuzitaja ni yeye tu, na kuna jioni ambazo huzitazama akatikisa kichwa. Twaendelea kila siku umeme ukiwepo.

Kwa ufupi

Msomaji mwenzangu, kumbuka mambo haya. Folda iwe ya peke yake, nayo ijazwe kwa mkono. Mwenye sura aulizwe kwanza. Faili ya scr isifunguliwe. Skrini izimwe usiku. Picha ziwe za kwetu, na kila picha ya kale ipate jina lake angali yupo wa kulitaja.

Napendekeza pia kwa walezi wa chama chetu kwamba kompyuta za maabara yetu ya shule ziwekewe folda moja, kila mwanachama alete picha moja ya kijijini kwake aliyoipiga mwenyewe, na chini yake sentensi moja ya Kiswahili sanifu ikieleza ni mahali gani. Wenzetu wa Kinango, Lunga Lunga na Matuga wataonana na wa Diani na Msambweni bila kupanda gari. Picha za watu tuziache, za mahali zinatosha.

Na ukirudi nyumbani leo jioni, kabla hujatafuta "screen saver" kwenye Start, tafuta kwanza ule mkoba wa picha chini ya kitanda cha bibi au babu yako. Umuulize: "Huyu nani?"